Sidii ya Kukhu Haiuzwi

Watu hunipa pole kwa sababu ya duka langu kana kwamba nimefiwa. Wanasimama mlangoni, wanatazama rafu za kaseti na sidii, wanatazama meza ya santuri, kisha wanatikisa kichwa na kuuliza, "Mama, kwani hii biashara bado iko?" Iko. Mmenikuta nimeketi, spika inaimba, vumbi nimelipangusa asubuhi. Mnataka niwaonyeshe nini zaidi?

Nimeuza muziki mjini Kakamega tangu wakati vijana walipokuwa wakija Jumamosi kungoja kaseti mpya ziteremshwe kwenye basi la Nairobi. Siku hizo mtaa wetu ulikuwa na maduka kadhaa ya muziki na sote tulishindana kwa kelele. Jirani mmoja sasa anauza vifuniko vya simu. Mwingine anakaanga chipsi, na ninamsifu kwa sababu chipsi zake ni nzuri. Mimi nimebaki. Mwenye nyumba hunishauri nianze biashara ya kutuma pesa kwa simu, mpwa wangu hunishauri nilete mitumba, na mchungaji wetu aliwahi kuniombea ili Mungu anifungulie mlango mwingine. Alipomaliza nikasema amina, halafu nikamwambia kwamba huu wa kwanza bado sijaufunga.

Sikatai kwamba wanunuzi wamepungua. Mtu mwenye simu hana haja ya kuja kwangu kununua wimbo ambao mtoto wake anaweza kumfungulia wakiwa wanakula. Ninachokataa ni ile sauti ya matangani, na ile imani kwamba kisicho kwenye simu hakijawahi kuwepo. Imani hiyo ilitaka kummaliza dada yangu, na ndiyo iliyonifanya nizunguke mashamba ya watu nikipigiwa kelele za mwizi.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa mbali, amenibeba mgongoni. Kwa miaka mingi alikuwa akiongoza kwaya ya akina mama kanisani kwetu. Hakusomea muziki popote. Anatunga akipalilia, akichambua mboga, akisubiri zamu ya kusagiwa unga kwenye posho mill, kisha anakuja kanisani wimbo ukiwa umekamilika kichwani na kumpa kila mtu sauti yake. Wimbo wake mkubwa aliutunga wakati alipokuwa akimuuguza mama yetu. Una beti tatu za maneno, na ubeti wa mwisho hauna neno hata moja. Ni sauti tu, wanavuma midomo ikiwa imefungwa, halafu wimbo unaisha.

Kwaya iliurekodi pamoja na nyimbo nyingine katika studio iliyokuwa nyuma ya saluni moja hapa mjini. Nilikuwepo siku hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikijua mambo ya kuuza. Fundi wa studio alitaka wimbo uanze na kinanda moja kwa moja. Dada akakataa. Alisema sidii itaingia katika nyumba za watu, na mtu haingii nyumbani kwa watu bila kupiga hodi. Kwa hiyo akasogea kwenye kipaza sauti akasalimu, akajitaja, akaeleza wimbo ulitoka wapi, ndipo kinanda kikaruhusiwa. Fundi alinung'unika kwamba anapoteza nafasi. Dada akamwambia kama nafasi haitoshi apunguze kinanda.

Asiye wa huku lazima nimweleze jinsi sidii za kwaya zilivyokuwa zikinunuliwa. Hazikununuliwa ili zisikizwe. Kulikuwa na uzinduzi: viti vya plastiki uwanjani, hema, mgeni wa heshima anayechelewa, mchungaji anayeziombea sidii zikiwa ndani ya katoni. Mgeni ananunua ya kwanza kwa mbwembwe, halafu watu wanaitwa mmoja mmoja. Asiye na pesa taslimu alileta jogoo, au mkungu wa ndizi, vikapigwa mnada papo hapo. Ulikuwa ukinunua kwa kuunga mkono. Nusu ya wanunuzi hawakuwa na mashine ya kuichezea, na hakuna aliyeona ajabu. Unaipeleka nyumbani katika plastiki yake, unaitundika ukutani karibu na kalenda, na kila mgeni anayeingia anajua kwamba wewe ni mtu anayesaidia kanisa. Juu ya kasha la sidii yetu, na juu ya sidii yenyewe, mgeni wa heshima alijaza uso wake wote. Kwaya ilikuwa chini, vichwa vidogo vidogo, na jina la mtunzi halikuandikwa popote kwa sababu nafasi iliisha.

Katoni zote ziliisha pia. Dukani kwangu nilibaki na kasha moja tupu la kuonyesha watu. Fundi wa studio alipata kazi Uarabuni, kompyuta zake zikauzwa, na saluni ikawa hoteli.

Sasa tuje kwenye ile Jumapili ya akina mama. Kwaya ilisimama ikaimba wimbo wa mama yetu. Nikaona vijana waliokaa nyuma wanagusana, wanacheka, simu zikainuliwa. Kwaya ilipofika ule ubeti wa kuvuma, kicheko kikatoka wazi. Kiongozi wa vijana, kijana ninayemjua tangu alipokuwa akibebwa, akachukua kipaza sauti akawashukuru akina mama kwa kujitahidi kutuimbia wimbo wa msanii fulani wa Nairobi. Akasema ni kawaida kusahau maneno ya ubeti wa mwisho, wakitaka watawachapishia.

Nilidhani dada ataanguka. Hakuanguka. Alishuka, akamwendea palepale mbele ya watu na kumuuliza ni msanii gani. Kijana akamwonyesha simu. Binti mmoja, nguo nyeupe, moshi wa mashine unampanda miguuni, anaimba wimbo wetu. Ubeti wa mwisho ameujaza maneno. Mwishoni anasema kwamba wimbo huo alioteshwa alipokuwa amefunga.

"Huu ni wangu," dada akasema.

"Sawa mathe," kijana akamjibu, kwa adabu kabisa, "lakini huyu ako nayo kwa mtandao. Nyinyi mko nayo wapi?"

Wazee wa kwaya walijaribu kumtetea. Vijana wakasema wazee wanateteana. Nilikimbia dukani nikaleta lile kasha, nikawaonyesha vichwa vya kwaya na orodha ya nyimbo nyuma. Kijana akalifungua, akaona ni tupu, akanirudishia. Alisema kichwa cha wimbo kinaweza kufanana na kingine. Nilitamani kumzaba kofi, na bado nikikumbuka mkono unawasha.

Wiki hiyo dada alifua sare yake ya kwaya, akaipiga pasi, akaipeleka kwa mke wa mchungaji na kuiacha kitini. Jioni nilimkuta jikoni kwake anamenya viazi. Hakulia. Ningependa angelia. Alisema tu, bila kuinua macho, "Siku nitakufa hiyo kwaya isikanyage boma langu. Mtanizika hivyo tu, kimya."

Anayejua kwetu anajua uzito wa maneno hayo. Kwetu mtu huzikwa na wimbo. Mlevi huimbiwa, mgomvi huimbiwa, hata yule aliyeacha kanisa kwa hasira kwaya humfuata mpaka kaburini na kumwimbia kwa nguvu ajue hakuweza kuwakimbia. Kuzikwa kimya ni kuzikwa kama ng'ombe. Na dada yangu si mtu wa kusema jambo ili abembelezwe. Nilimwambia nitaitafuta sidii moja nzima, yenye sauti yake ndani, na yule kijana ataisikia kwa masikio yake mwenyewe. Akaniambia nisijisumbue, akanipa viazi nimenye.

Nikajisumbua. Watu huniuliza wanaotafuta muziki wa zamani siku hizi wananunua wapi, kwa kuwa maduka yamekufa. Kwanza, langu halijafa. Pili, wengi wananunua matangani. Mzee akifa, baada ya kuzika na kunyoana nywele, familia hukaa na kugawana vitu vyake. Jembe lina wa kulitaka, koti lina wa kulitaka, baiskeli hata imeshagombaniwa. Lakini boksi la santuri linabaki katikati ya ua na kila mtu analiruka. Hapo utamwona mtu mmoja mgeni, ametoka Nairobi au mbali zaidi, amevaa uso wa huzuni, anaomba awasaidie kuondoa huo mzigo. Mimi pia huenda. Tofauti yangu na wao ni kwamba marehemu wengi walikuwa wateja wangu, kwa hiyo nikilia silii uongo.

Wengine wananunuana kwa simu. Mtu anaweka picha kwenye kundi, na kabla sijatafuta miwani imeshachukuliwa na mtu wa ng'ambo. Wengine wanakwenda kwa wauza vyuma chakavu na kuchakura. Nilituma picha ya kasha langu kwenye makundi yote ninayoyajua. Nilijibiwa na watu waliotaka kulinunua hilo kasha.

Basi nikaenda Ekero, kwa mzee mmoja Mwislamu anayenunua redio mbovu kutoka Mumias yote. Banda lake limejaa matumbo ya redio hadi darini, na ukitaka kitu chochote chenye waya ni lazima upite kwake. Nilitoa salamu, akaitikia vizuri, akanipa kiti, akasikiliza shida yangu mpaka mwisho. Halafu akacheka.

"Mama, sidii za kwaya hazikujangi huku. Chuma nanunua, shaba nanunua. Hiyo prastiki nani atanunua? Wewe tembea mashambani. Mahali utaona ndege hawatui, simama uangalie."

Nilikasirika kwanza, nikidhani ananitania. Nilipopanda boda kurudi ndipo nikaelewa, na nikajiona mjinga. Nusu ya mashamba ya kwetu yamefungwa kamba zenye sidii. Zinazunguka na upepo, zinamulika, ndege wanaogopa. Nimeziona miaka yote nikipita, na sikuwahi kufikiri kwamba kila moja ilikuwa na mtu anaimba ndani.

Kwa hiyo msimu wa wimbi kukomaa nikaenda kununua muziki mashambani. Nilianzia Navakholo kwa sababu watu wengi waliokuja kwenye uzinduzi wetu walitoka upande huo. Nilikuwa nikishuka kwenye boda kila nilipoona mng'ao, nikiomba ruhusa kama kuna mtu, na kama hakuna nikiinama tu nipite chini ya kamba. Nilikuta mahubiri, nikakuta filamu za Kichina za kupigana, na masomo ya kompyuta, na harusi ya watu nisiowajua. Dereva wa boda alikuwa akiningoja barabarani, akiwaambia wapita njia kwamba mama huyu ni mzima, ni kazi tu.

Katika shamba moja nilikuwa nimepiga magoti kati ya wimbi, shingo nimeigeuza juu nisome maandishi, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Wewe mama! Unaiba hizo sidii zangu za ndege ama unaiba wimbi?"

Alikuwa mwenye shamba, mwanamke wa umri wa kuwa binti yangu, jembe mkononi. Nilimweleza haraka kabla majirani hawajafika. Akaweka jembe chini na kuanza kunisaidia kugeuza sidii, moja baada ya nyingine. Yeye ndiye aliyeiona. Ule uso wa mgeni wa heshima ulikuwa umepauka mpaka yakabaki meno na tai, lakini niliijua.

Nikaifungua kutoka kwenye kamba. Nikampa badala yake sidii nyingine mpya zinazong'aa nilizokuwa nimebeba kwenye mkoba, zilizoharibika kiwandani, na akafurahi kwa sababu zake zilikuwa zimechakaa na ndege walikuwa wameanza kuzizoea. Nilipokuwa nikiaga akasema, "Kukhu ako nayo ingine kama hiyo. Mama ya bwanangu. Lakini hiyo imetundikwa kwa ukuta, hata sisi hatugusangi." Nikamwambia moja inanitosha.

Haikutosha. Dukani niliifuta kwa kitambaa laini, nikaiweka kwenye mashine, nikafunga mlango ili nisikilize peke yangu. Ilizunguka. Ikazunguka tena, ikatoa mlio mfupi wa kukwaruza, ikanyamaza. Niliijaribu kwenye kila mashine niliyo nayo. Jua na mvua ya Kakamega vilikuwa vimekula kila kitu. Niliketi nikalia kwa hasira, na mteja aliyechungulia dirishani akaniambia pole. Nilimfukuza.

Kesho yake nilirudi Navakholo.

Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa kukhu hasa. Mdogo wa umbo, mgongo umeinama, koti la mwanamume mabegani, na macho ambayo hayakuhitaji msaada wa mtu. Sebule yake ilikuwa imepambwa kwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Ukutani kulikuwa na kalenda ya miaka mingi iliyopita, picha ya harusi, na kati yake, ndani ya plastiki ambayo haikuwahi kupasuliwa, ile sidii. Nilikuwa nikiangalia sauti ya dada yangu imening'inia kwenye msumari.

"Mulembe, kukhu," nikasema. "Nimekuja kwa ajili ya hiyo."

"Mulembe. Hiyo haiuzwi."

Nilimwahidi redio mpya. Akaniuliza ya nini, na yake inaimba. Nilimwahidi shuka na blanketi. Akasema mimi nina haraka ya mchuuzi. Nilipomwambia basi aniazime tu, alikaa wima kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Mukhana, binti wewe, nilitoa jogoo yangu kwa hiyo kitu. Jogoo mkubwa, mwekundu, watu wakapiga mnada nikiona. Halafu mpaka leo sijasikia hata kidogo. Sasa wewe unataka kusikia mbele yangu?"

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuisikia miaka yote hiyo.

"Mashine sina. Na kanisa ilikula jogoo yangu, lakini mtu wa kuniletea mashine hakukujanga."

Miaka yote nimesimama mbele ya watu nikitetea sidii na kaseti, na sikuwahi kumfikiria mtu aliyenunua na kubaki anangoja. Nikamwambia nitamletea mashine mimi. Akakubali, kwa masharti yake. Alitaka kumwona aliyeimba, maana ukinunua maziwa unamjua mwenye ng'ombe. Alitaka pia mtu wa kanisa awepo, ashuhudie kwamba ameitunza. Hayo masharti nilikuwa tayari kuyatimiza.

Kiongozi wa vijana hakunisumbua. Si kijana mbaya, tatizo lake ni kwamba anaamini kioo cha simu kuliko watu. Aliniambia, "Mathe, kama iko, nitasema mbele ya kanisa. Kama haiko pia nitasema." Nikamwambia avae viatu vya matope.

Dada ndiye aliyekuwa kazi. Nilimwambia kuna nyanya Navakholo aliyenunua sidii yake kwa jogoo na hajawahi kuisikia, na sasa anataka kujua kama jogoo wake alikwenda bure.

"Bure?" dada akasema.

"Ndivyo anavyouliza."

"Bure namna gani?" Alikuwa tayari ameinuka anatafuta kitambaa cha kichwa.

Tulifika sisi watatu na mashine yangu ya dukani nimeifunga kwa leso. Kukhu hakutaka kusikia habari ya mashine kabla hatujala. Kulikuwa na ingokho, kuku wa kienyeji aliyechemshwa taratibu, na obusuma, ugali wa wimbi na mihogo, wa kukata kwa mkono. Tulikula haraka, kama watu wanaojua wamekujia kitu kingine. Dada na yule kijana walikaa kiti kimoja kirefu, kila mmoja mwisho wake, na hawakutazamana. Mvua ya saa tisa ilikuja ikapita.

Ndipo kukhu akamwagiza mke wa mwanawe aitoe sidii msumarini. Akaishika mwenyewe. Akaipasua ile plastiki kwa jino, polepole, akaikunja na kuiweka mfukoni mwa koti. Akanipa. Ilikuwa safi kabisa. Niliiweka kwenye mashine, nikatafuta wimbo wenyewe, na nakiri kwamba nilisali.

Sauti ya dada ikatoka, changa, imenyooka, ina haraka kidogo ya mtu anayejua fundi anamtazama.

"Mulembe nyumba hii. Bwana asifiwe." Akataja jina lake, jina la baba yetu, na mahali tunapotoka. "Wimbo huu nimeutunga nikimuuguza mama yangu. Alikuwa hawezi kuongea, nikawa namwimbia ajue kuna mtu chumbani. Ameenda kabla sijamaliza. Kwa hivyo mwisho hauna maneno, mimi sikuwa nayo. Nyinyi mtakaouimba, tafadhali msitafute maneno ya kuweka hapo."

Kisha kinanda, kisha akina mama wote, wengine wao tumeshawazika.

Kukhu aliweka mikono magotini na kusikiliza kama mtu anayehesabiwa kile alichokuwa akidai. Kijana alitoa simu ili arekodi. Kukhu hakumgeukia hata.

"Weka hiyo chini. Sikia kwanza."

Akaiweka. Ubeti wa kuvuma ulipofika, nilimwona anaangalia sakafu. Safari hii hakukuwa na wa kucheka. Dada alikuwa amefumba macho, na machozi yaliyokataa kutoka jikoni kwake siku ile ya viazi yalikuwa yanashuka wazi wazi, wala hakuyafuta. Mimi pia nililia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Wimbo ulipoisha kukhu akasema, "Weka tena." Nikaweka tena. Baada ya mara hiyo alimgeukia dada akamwambia jogoo hakwenda bure. Akaniomba sidii yake, nikampa bila kuuliza lolote la kuuziwa, akairudisha katika kasha lake na kuishikilia mapajani. Mkusanyaji wa ng'ambo angetoa chochote kwa kitu kama kile, kimehifadhiwa vile. Aje Navakholo aombe kusikilizishwa. Mtandaoni wimbo bado una jina la yule binti wa nguo nyeupe, na maneno yake bado yamejazwa pale mama yetu alipokata roho. Najua hivyo. Lakini hatuishi mtandaoni, na wala hatuzikwi huko.

Kijana alisimama. Nafikiri alikuwa ameandaa hotuba. Alisema tu, "Mama, nimekosea. Jumapili nitasema mbele ya watu wote. Tunaomba utusamehe urudi kwa kwaya."

Dada alimtazama kuanzia viatu vyake vya matope mpaka juu, akachukua muda wake.

"Wewe unaimbanga sauti gani?"

"Teno, mama."

"Basi simama vizuri, toa mikono kwa mfuko. Hayo ya kusamehe tutaongea baadaye. Siku nitakufa nyinyi ndio mtaniimbia huu wimbo, na mimi siwezi kulala kwa jeneza nikisikia vile mnauharibu."

Akampa sauti. Kijana akaanza, juu mno, na dada akainua kiganja akamkatiza. Kukhu akasogeza kiti chake karibu. Kijana akashusha sauti, akaanza tena.